Miaka Thelathini na Mmoja kati ya Filimbi na Tarumbeta: Kumuaga Ndugu Verl Jeppesen

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Kituo cha Ukaguzi cha Knudson, Ndugu Verl Jeppesen anastaafu Jumamosi, tarehe 31 Januari. Siku hiyo atarudisha ufunguo wa lango, buti za mpira za serikali, na kile kipimo cha chuma alichokipitisha juu ya midomo ya bata maji wengi kuliko mtu mwingine yeyote upande huu wa Ziwa la Chumvi. Mdomo wake mwenyewe ataondoka nao. Hapo ndipo penye hasara yetu kubwa, na mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba ndipo pia palipoanzia kisanga cha msimu uliopita.

Verl alizaliwa kwenye shamba la viazisukari, maili chache kutoka hapa kituoni. Aliajiriwa kwanza kukata matete na kuziba matuta yaliyotobolewa na panya buku. Siku moja mpimaji wa zamani aliugua, Verl akaambiwa ashike kipimo kwa asubuhi moja tu, na asubuhi hiyo haijaisha mpaka leo. Baadaye akakabidhiwa pia darasa la wawindaji, lile ambalo bila kulipitia hakuna anayepewa kibali cha bata maji.

Darasa lenyewe lina swali moja tu: huyo unayetaka kumpiga ni nani? Tunao wawili. Yupo mdogo, anayekuja kwa makundi makubwa maji ya kaskazini yakiganda, na huyo sheria inamruhusu. Yupo mkubwa, aliyekaribia kwisha duniani enzi za mababu zetu na ambaye bado analelewa kama mgonjwa aliyetoka hospitali jana. Wote weupe, wote shingo ndefu, wote mdomo mweusi. Wazee wetu waliwapa majina kwa sauti zao, na Verl hakuona sababu ya kuyabadilisha: mdogo ni Filimbi, mkubwa ni Tarumbeta.

Alifundisha kwa raha ambayo haijawahi kuonekana katika jengo lolote la serikali. Alisema jicho la Filimbi limekaa kando ya weusi wa mdomo kama shanga iliyodondoka kwenye theluji, na jicho la Tarumbeta limezama ndani ya weusi mpaka unadhani kalisahau nyumbani. Alisema ukimtazama usoni ana kwa ana, paji la Filimbi limekatwa kwa mviringo, la Tarumbeta limechongoka kama shingo ya fulana ya kijana anayetaka kuonwa na wasichana. Alisema Tarumbeta huinamisha na kuinua kichwa kabla ya kuruka, na yeye mwenyewe ana tabia hiyohiyo. Kwenye vikao vyetu, Verl akitikisa kichwa mara ya tatu, sote tunafunga madaftari, maana tunajua anaondoka, kikao kiwe kimekwisha au hakijaisha.

Wengi huja darasani na imani moja tu, kwamba mwenye doa la njano mbele ya jicho ni Filimbi, basi. Verl aliipiga vita imani hiyo bila huruma. Aliyekumbana naye vibaya zaidi ni Garth Munk, muuza matairi, ambaye siku hizi ni Askofu wa kata yetu (katika Kanisa letu askofu ni muumini wa kawaida, mwenye kazi yake na familia yake, anayeongoza usharika mmoja), na tangu Desemba ni baba mkwe wangu. Verl aliweka mezani kichwa cha bata maji cha plastiki, akamwita mbele.

"Ndugu Munk, huyu ni nani?"

"Filimbi," Garth akajibu bila kusita.

"Umejuaje?"

"Si ana doa la njano. Wewe mwenyewe umesema."

"Nilisema wengi wanalo. Sikusema ndicho kitambulisho chao." Verl akapitisha kidole juu ya lile doa, akakilamba taratibu mbele ya darasa zima. "Haradali," akasema. "Nzuri tu. Imekosa soseji."

Kichwa kilikuwa cha Tarumbeta. Garth ameniambia kwamba mpaka leo hawezi kupaka haradali kwenye mkate bila kuangalia nyuma.

Yupo pia yule bwana wa mjini aliyeshusha ndege wake kwenye pikapu kwa fahari, akaomba apigwe picha. Ndege mwenyewe alikuwa bata bukini mweupe, wa kawaida kabisa. Verl hakucheka. Alimlaza mezani, akampima mdomo kwa makini, akavua miwani, akamwambia, "Ndugu yangu, habari njema ni kwamba si Tarumbeta."

Sasa nije kwenye sauti. Verl anaigiza bata hao kwa mdomo mtupu, bila kifaa. Tarumbeta wake ni honi ya lori la zamani, nzito, inatoka puani. Lakini Filimbi wake ni kitu kingine. Ni laini, inapanda na kushuka, kama mtu anayeita jina la anayempenda kutoka ng'ambo ya mto. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa nimechumbiwa wiki hiyohiyo, nikaenda nyuma ya jengo kulia kidogo. Mkewe, Dada Arvilla, hana machozi ya namna hiyo. Verl hufanyia mazoezi bafuni, kwa sababu ya mwangwi, na mwaka mmoja jirani mgeni alipiga simu kwa idara ya wanyamapori kushtaki kwamba akina Jeppesen wamefuga ndege wa porini.

"Nilimwambia yule mama aje amchukue," Arvilla husema. "Akija na gunia, nitamsaidia kumtia ndani."

Kuna jambo moja ambalo watu hawakulijua mpaka mwaka jana. Katika miaka yote hii Verl hakuwahi kuwinda bata maji. Bata wadogo ndiyo, bukini ndiyo, bata maji hata mmoja. Kila Jumamosi ya msimu alikuwa hapa mezani akipima wa wenzake, na Jumapili kwetu hakuna anayegusa bunduki. Basi mwaka wake wa mwisho akaomba kibali, droo ikachezeshwa, akapata. Mkuu wa kituo akampa ruhusa ya Jumamosi, tarehe 6 Desemba. Baada ya hapo kungekuwa na kustaafu, kisha yeye na Arvilla kwenda misheni popote Kanisa litakapowatuma, na magoti yake hayakuwa na mpango wa kungoja wakirudi. Ilikuwa Jumamosi hiyo au basi tena.

Alimwambia kila mtu. Alisafisha bunduki ya marehemu baba yake mpaka ikawa inateleza mkononi. Arvilla akamwachia rafu nzima ya friza, akahamisha pichi zake na mahindi yake. Asiyeijua friza ya Arvilla hawezi kuelewa hilo lilikuwa tendo la mapenzi makubwa kiasi gani. Mimi nililielewa, nikamwambia Colby, mchumba wangu wakati huo na sasa mume wangu (bado naona raha kuliandika neno hilo), kwamba nikizeeka nataka kupendwa kwa rafu nzima.

Tatizo lilikuwa baridi. Mwaka huo ilichelewa. Filimbi wakabaki kaskazini wakijistarehesha kwenye maji yasiyoganda, na waliozagaa huku kwetu wakawa Tarumbeta wengi kuliko kawaida. Sheria inasamehe Tarumbeta wachache wanaoangushwa kwa makosa. Hesabu hiyo ikijaa, msimu unafungwa papo hapo kwa kila mtu, mwenye kibali kilichotumika na mwenye kibali kisichotumika. Kufikia Jumatano, tarehe 3, ilikuwa imebaki nafasi moja. Mmoja tu akianguka, Jumamosi ya Verl imekwenda.

Jumatano hiyo ukungu ulishuka mpaka ukakaa juu ya maji. Saa ya chakula cha mchana Verl alichukua mkate wake, akatembea hadi tuta la mashariki kuchagua pa kukaa siku yake ikifika. Hakuwa na bunduki, alikuwa kazini. Alipofika pale matete yanapopinda, akasikia mabawa juu ya ukungu, makubwa, ya taratibu. Hakuweza kuona ni nani. Akameza tonge, akapiga Filimbi yake mara mbili, aone kama watashuka.

Upande wa pili wa matete yaleyale, ndani ya mtumbwi, walikuwa wamekaa Askofu Munk na mwanawe Colby. Askofu alikuwa na kibali. Colby alikuwa na chupa ya chokoleti ya moto. Wala hawakujua kwamba Verl yupo, wala yeye hakujua kwamba wapo. Na Askofu, ambaye tangu siku ya haradali alikuwa mwanafunzi mwaminifu kuliko wote, alikumbuka kile Verl alichozoea kutuambia darasani: ukungu ukiwa mzito jicho linadanganya, amini sikio. Sikio likamwambia Filimbi. Kivuli kikapita. Akapiga.

Nilikuwa mezani walipoingia. Verl alikuwa amerudi, ananawa mikono. Askofu akamlaza ndege juu ya meza, na kabla kipimo hakijatoka mfukoni wote tuliokuwemo tuliona. Aliijaza meza. Jicho lake lilikuwa limezama kwenye weusi. Hata hivyo Verl alipima, akapima tena, akaweka kipimo chini.

"Pole, Garth. Ni Tarumbeta."

"Haiwezekani."

"Mtazame."

"Namtazama. Lakini amepiga filimbi, Verl. Nimemsikia mimi, na Colby kamsikia. Mara mbili, safi kabisa, kama ulivyotufundisha."

"Wapi?"

"Tuta la mashariki. Pale matete yanapopinda."

Nilimwona Verl akijigusa midomo kwa vidole. Shingo yake ikawa nyekundu, kisha masikio. Nyuma ya Askofu walikuwa wamesimama wawindaji wengine wakisubiri, na mmoja wao alikuwa tayari ameshika simu akiwaambia wenzake. Ilibidi Verl akapige ya kwake kwa idara, kama kazi inavyotaka, na kwa sauti yake mwenyewe akaufunga msimu, na Jumamosi yake ndani yake.

Mji wetu ni mdogo na una kumbukumbu nzuri. Kulikuwa na vijana waliosafiri kutoka majimbo mengine kuja kuwinda na baba zao wikiendi hiyo. Kulikuwa na kina mama waliokwisha kuchoma viazi vya jibini kwa ajili ya wageni hao. Kabla ya jioni mtu alikuwa amechora bata maji kwa chaki kwenye matairi yote ya mbele ya duka la Askofu. Magari yakipita mbele ya nyumba yake yakawa yanapiga honi, mara mbili, nzito, kupitia puani kama gari lingekuwa na pua. Watu waliacha kumwita Askofu Munk. Wakamwita Ndugu Tarumbeta, wengine mbele yake.

Alhamisi jioni nilikuwa jikoni kwao na Colby, tunachagua leso za harusi, Verl alipobisha hodi. Hakukaa.

"Garth, nimekuja kukwambia. Yule uliyemsikia nilikuwa mimi."

Askofu akasimama. "Asante, Verl."

"Sikuambii ili unishukuru. Nilikuwa nyuma ya matete nakula mkate. Nimepiga mimi."

"Mama Colby, njoo umsikie huyu," Askofu akamwita mkewe. "Nimemharibia Jumamosi yake, aliyoingoja miaka yote, na bado kaja kunibebea mzigo."

"Sibebi mzigo. Ni wangu."

"Ndivyo watu wema wanavyosema."

"Basi sikiliza," Verl akasema, akakunja midomo ili apige Filimbi palepale mbele ya jokofu. Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena, ikatoka kitu kama birika lisilochemka. Aibu ilikuwa imemkausha midomo.

"Usijitese, rafiki yangu," Askofu akamwambia, akamshika bega, na mama mkwe wangu akampa keki nzima ya karoti aende nayo. Verl alitoka mlangoni akiwa amesifiwa kuliko siku yoyote ya maisha yake, na hakuna aliyeamini hata neno lake moja. Mimi nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nimeyaona yale masikio. Nilimwambia Colby kwenye gari. Akafikiri mpaka taa ya pili ya barabarani, kisha akacheka mpaka ikabidi niendeshe mimi.

Jumamosi Verl alikuja kituoni ingawa alikuwa na ruhusa. Alituambia anataka kutusaidia kuondoa vibao vya msimu, lakini vibao vyote alivyoviondoa vilikuwa vya tuta la mashariki tu. Ukungu ulikuwa umekwisha. Usiku wa kuamkia siku hiyo baridi ya kweli ilikuwa imefika, kwa kuchelewa siku tatu, na kutoka kaskazini walikuwa wanaingia Filimbi, mkanda baada ya mkanda, angani kote, kelele tupu. Verl alisimama pale matete yanapopinda, mikono mfukoni; mimi na Colby tulikuwa tumemfuata kumbebea vibao. Midomo ilikuwa imemrudia. Akaita. Kundi likajitenga, likageuka, likashuka mpaka nikaona miguu yao myeusi imekunjwa chini ya mkia, na Colby akanishika mkono, nami nikamshika wa pili.

"Ungempiga yupi?" Colby akamuuliza.

"Wa tatu kutoka mwisho," Verl akasema, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi. "Bado ana kijivu shingoni. Wa mwaka huu huyo. Nyama laini."

Akawatazama mpaka wakatua. Kisha akang'oa kibao cha mwisho, akakitia begani, akatangulia kuelekea kwenye pikapu. 

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mfungo na ushuhuda. Tulikuwa hatujala tangu jana yake, na kama kawaida mwenye neno moyoni anapanda mwenyewe mimbarini kulisema. Wa kwanza kupanda alikuwa Askofu. Alisema ameiponza kata yake. Alisema aliaminiwa akapewa kibali, akafundishwa vizuri, na bado hakutofautisha. Aliomba radhi kwa majina kwa kila familia iliyopoteza wikiendi yake, la mwisho likiwa la Verl Jeppesen, kisha akakaa.

Hakuna aliyemtazama usoni; ukumbi ulikuwa bado haujamsamehe. Nilikuwa karibu na akina Jeppesen. Nikamwona Verl anatikisa kichwa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

Alipanda. Akashusha kipaza sauti.

"Ndugu na dada zangu, Askofu wetu hakukosea kusikia. Alisikia Filimbi. Ila hakuwa ndege. Nilikuwa mimi."

Dada mmoja safu ya mbele akatoa kitambaa, akafuta macho. Mwingine akamnong'oneza mumewe, nikasikia: "Mwone, jamani. Hata leo anamkinga." Mpiga kinanda alikuwa amekwisha kuanza kulia. Verl aliwatazama wote, safu kwa safu, na nikaona anatambua kwamba wanamwamini kwa namna ileile aliyoaminiwa jikoni, yaani kwa keki.

Akalamba midomo. Akaisogeza karibu na kipaza sauti. Akapiga Filimbi, mara mbili.

Iliingia kwenye spika zote, ikapanda darini, ikashuka. Na kila mwanamume mwenye kibali katika ukumbi ule, wazee wenye tai na vijana wenye mashati meupe, aliinua uso akatazama dari. Wote kwa pamoja. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akainama nyuma ya benchi, kama mtu anayejificha kwenye matete. Na Askofu Munk, pale juu jukwaani, mbele ya kata nzima, alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kwenye kiti chake, bega la kulia mbele, mkono unatafuta bunduki isiyokuwepo.

Kisha akaushusha mkono.

"Huyo ndiye," akasema.

"Ndiye, Baba," Colby akajibu kutoka kwenye benchi letu. "Ndiye kabisa."

"Mnaona sasa?" Dada Arvilla akawaambia waliomzunguka. "Mimi naishi na hiyo."

Sijui kama sheria za Kanisa zinaruhusu kata nzima kucheka namna ile katika mkutano wa sakramenti, na tumbo tupu juu yake. Ilichukua muda. Ilipotulia Askofu alirudi kwenye kipaza sauti, akasafisha koo, akasema, "Naomba kurekebisha ushuhuda wangu."

Msimu haukufunguliwa. Kilichopimwa kimepimwa, na jina lililoandikwa kwa yule Tarumbeta ni la Garth Munk, na halitafutwa. Lakini jioni ileile honi zilihamia mtaa wa akina Jeppesen. Verl alikuwa anatoka kibarazani kuzijibu, kwa sauti ya Tarumbeta, na jirani yule mgeni akaondoa malalamiko yake, nadhani kwa kukata tamaa.

Jumatatu yake Verl alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo mafanikio yake makubwa kazini. Aliingia darasani akafuta ubaoni yale maneno yake ya zamani kuhusu ukungu na sikio. Aliandika mapya, na idara imeyakubali jinsi yalivyo, na mwaka huu yatasomwa kwa kila mwombaji wa kibali: *Ukisikia bila kuona, usipige. Huenda ni mimi.*

Wawindaji waliopata Filimbi mapema, kabla ya msimu kufungwa, wakaanza kumletea. Soseji, nyama kavu, minofu iliyokaushwa kwa moshi, pai. Rafu ile ya friza ikajaa, pichi za Arvilla zikahamishwa tena. Verl akaanza kujisifu kwamba sasa anawatofautisha hata kwa ulimi. Basi kwenye chakula cha jioni cha kabla ya harusi yetu, mbele ya familia zote mbili, Arvilla alimwekea sahani. Verl akatafuna akiwa amefumba macho.

"Filimbi," akasema. "Jike. Amekula mizizi ya majini, siyo mahindi."

"Bata mzinga," Arvilla akasema. "Wa Sikukuu ya Shukrani. Amebaki."

Baba mkwe wangu alitoka nje kwa dakika kadhaa. Aliporudi alikuwa na chupa ya haradali, akaiweka mbele ya sahani ya Verl.

Wiki iliyopita wito wa misheni ulifika. Wanakwenda Denmark, alikotoka babu wa babu yake Verl. Alifurahi sana, akaenda moja kwa moja kutafuta wana bata maji gani huko. Alirudi kazini mnyonge. Huko wapo wa aina ya tatu, mdomo wa rangi ya chungwa, nundu nyeusi juu ya paji, huwezi kumkosea hata ukiwa umelala. Hawawindwi. Na karibu hawana sauti.

"Hawasemi kitu, Jessa," akaniambia. "Wanaogelea tu. Nitafanya nini mimi?"

Nilimpelekea Arvilla maneno hayo. Alikuwa anakunja nguo za baridi, akaacha, akazikumbatia kifuani. "Kumbe maombi yanajibiwa," akasema.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo cha Knudson, kwa niaba ya wawindaji uliowazuia kukosea na yule mmoja uliyemkosesha, na kwa niaba ya Tarumbeta wote wanaoruka leo bila kujua jina la aliyewatetea, ahsante, Verl. Ahsante, Dada Arvilla, kwa kutuazimisha mumeo. Mimi na Colby tunataka kuzeeka kama ninyi, ila bafuni kuwe kimya.

Maisha yenu ya huko mbele yawe mema na marefu, yenye afya, maji yasiyoganda na magoti yanayokubali. Tutawakumbuka sana. Na msimu ujao ukungu ukishuka, kitu kikaita kutoka nyuma ya matete ya tuta la mashariki, tutajua kwa hakika kwamba si wewe, Verl. Hata hivyo tutautii ubao wako: hatutapiga mpaka tuone.

Jessa Lund Munk
Mapokezi, Kituo cha Ukaguzi cha Knudson